Nusu ya Habari: Viziwi, Wasioona na Elimu ya Afya Afrika Mashariki

Mtu anayeona na kusikia hujifunza mambo ya afya bila kujua kwamba yumo darasani. Husikia shangazi zake wakizungumzia homa ya mtoto wa jirani, husoma bango lililobandikwa ukutani mwa zahanati akisubiri zamu yake, hufungua redio akitafuta taarabu akakutana na tangazo la chandarua. Siku akiugua, tayari anajua pa kwenda na la kusema. Kiziwi hukosa sehemu moja ya elimu hiyo na asiyeona hukosa nyingine. Ili kuelewa wanavyoitazama afya na hospitali katika Afrika Mashariki, lazima tufuate habari za afya zilivyowafikia, au zilivyowapita, tangu siku ambazo hospitali iliwajua kwa jicho lililokufa na sikio lililoziba tu.

Tuanze na maradhi yenyewe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, upofu na uziwi katika eneo hili mara nyingi vilimfika mtu baada ya kuzaliwa mzima. Trakoma, ambayo wengi huiita vikope, ni maambukizi ya bakteria yanayoenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi. Yakirudi mwaka baada ya mwaka, kope hujikunja ndani na kulikwaruza jicho hadi likafifia. Surua, ikimpata mtoto aliyepungukiwa vitamini A, huweza kuliharibu jicho katika muda mfupi. Kwa upande wa masikio, homa ya uti wa mgongo, surua hiyohiyo, na usaha wa sikio usiotibiwa viliwaacha watoto wengi katika ukimya. Haya yote ni maradhi ya penye uhaba wa maji, chakula na tiba, ndiyo maana vipofu na viziwi walipatikana zaidi katika nyumba zisizokuwa na kitu.

Wazee walikuwa na maelezo yao: laana, husuda, mwiko uliovunjwa. Madaktari wa misheni waliyaita maelezo hayo ujinga, lakini ukiyachunguza utaona kwamba pande hizi mbili hazikuwa zikijibu swali moja. Daktari alieleza jinsi jicho lilivyoharibika. Mzee alieleza kwa nini ni jicho la mtoto huyu, na ndugu yake aliyelala naye kitanda kimoja akapona. Familia zilitaka majibu yote mawili, na kwa kuwa la pili halikupatikana hospitalini, safari ya tiba ilianza kwa mganga. Dawa za majani zilizotiwa machoni mara nyingine ziliongeza madhara, na mgonjwa akafika kwa daktari akiwa amechelewa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilianza kuutazama upofu kama tatizo linaloweza kuzuiwa. Mfano ulio wazi ni bonde la Kodera, katika Nyanza ya Kenya, ambako ugonjwa wa usubi uliwapofusha watu wa vijiji vilivyo karibu na mito. Usubi ni mdudu mdogo anayezaliana penye maji yaendayo kasi na kuambukiza minyoo inayofika hadi machoni. Mwaka 1946 mito ya Kodera ilitiwa dawa ya DDT, na mdudu akatoweka katika bonde lile. Wakati huohuo Mwingereza John Wilson, ambaye mwenyewe alipofuka akiwa na miaka 12 kwa mlipuko katika maabara ya shule, alikuwa akizunguka Afrika na Mashariki ya Kati kuchunguza hali ya wasioona. Mwaka 1950 aliongoza kuanzishwa kwa chama ambacho leo kinajulikana kama Sightsavers. Wilson alisisitiza mambo mawili kwa pamoja: kwamba upofu mwingi wa Afrika ungeweza kuzuilika, na kwamba aliyekwisha kupofuka bado ni mtu wa kusoma, kulima na kujitegemea.

Serikali zililipokea jambo la kwanza kwa urahisi zaidi kuliko la pili, na sababu yake inaeleweka. Kuua usubi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, tena hesabu yake huonekana. Kumhudumia mtu asiyeona kwa maisha yake yote, anapougua malaria, anapojifungua, anapopewa vidonge vya rangi mbili avitofautishe, ni kazi isiyokwisha. Hospitali ikatibu macho kwa bidii, na pale jicho liliposhindikana, faili likafungwa.

Kwa baadhi ya viziwi uhusiano na hospitali ulikuwa mgumu zaidi, maana hospitali ndiko walikopotezea masikio yao. Streptomaisini, dawa ya sindano iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943, ilikuwa ya kwanza kukishinda kifua kikuu, na iliokoa maisha ya watu wengi mno. Hata hivyo, haikuchukua muda kabla ya kubainika kwamba inaweza kuyadhuru masikio kwa namna isiyorudi nyuma. Dawa za jamaa yake ziliendelea kutumika kwa miongo mingi, hasa kwa kifua kikuu sugu, hadi Shirika la Afya Duniani lilipobadilisha mwongozo wake kuanzia mwaka 2018 na kuweka mbele tiba ya vidonge. Siwalaumu madaktari wa zamani kwa kuchagua uhai kabla ya masikio. Kosa ni kwamba mgonjwa mara nyingi hakuambiwa kwamba kuna uchaguzi unaofanywa. Mtu aliyeamka siku moja kitandani hasikii, bila neno la maelezo, hawezi kulaumiwa akiiogopa sindano maisha yake yote.

Hatua nyingine ya miaka ile ya baada ya vita ilikuwa ya shule. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika mwaka 1946, na Kanisa la Anglikana likafungua ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Za viziwi zilikuja baadaye: Nyangoma na Mumias nchini Kenya mwaka 1961, na Tabora mwaka 1963, zikianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki. Nafasi hiyo ya zaidi ya miaka 10 kati ya makundi haya mawili ina sababu. Mtoto asiyeona alizungumza lugha ya mwalimu wake, akahitaji tu njia ya kusoma, na nukta nundu za Louis Braille zilikuwa tayari zimejaribiwa kwa zaidi ya karne moja. Mtoto kiziwi alihitaji lugha kwanza, na kuhusu lugha hiyo walimu wa dunia walikuwa wamekwisha kugawanyika.

Mgawanyiko huo unarudi nyuma hadi Milan, Italia, mwaka 1880, ambako kongamano la walimu wa viziwi, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, liliamua kwamba kiziwi afundishwe kwa kusoma midomo na kutamka, na kwamba alama za mikono ziachwe. Uamuzi huo uliongoza shule za Ulaya, na wamisionari wakaja nao. Katika shule nyingi za viziwi nchini Kenya mikono ilikatazwa darasani hadi miaka ya 1980. Walioitetea njia hii walikuwa na nia njema: walitaka mtoto aweze kuishi na watu wanaosikia. Lakini simama mbele ya kioo utamke baba, papa na mama bila kutoa sauti, utaona kwamba midomo haiyatofautishi kabisa. Somo la mwili wa binadamu lililofundishwa hivyo lilifika vipande vipande. Kilichobaki kilifundishwa bwenini, baada ya mwalimu kuondoka, wakubwa wakiwaeleza wadogo kwa alama kuhusu hedhi, mimba na maradhi ya zinaa. Elimu hiyo ya bwenini iliwasaidia wengi, ila haikuwa na wa kuisahihisha ilipokosea.

Kipimo kikubwa cha kwanza cha matokeo ya yote haya kilikuja Tanzania mwaka 1973, kwa kampeni ya Mtu ni Afya. Sababu za kampeni zilikuwa wazi. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Madaktari walikuwa wachache. Na maradhi yaliyoongoza, kama malaria, kuhara, safura na kichocho, yangeweza kupunguzwa kwa hatua ambazo kijiji chenyewe kingezichukua. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa imejaribu masomo ya redio katika kampeni ndogo zilizotangulia, ilipanga somo la majuma 12. Kikundi kilikusanyika kuizunguka redio na kusikiliza kipindi, kiongozi akasoma kijitabu kwa sauti, watu wakajadili, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi, kuchemsha maji ya kunywa. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, na hadi leo wataalamu wa elimu ya watu wazima huitaja kampeni hii kama mfano wa dunia.

Kwa asiyeona, mpango huo ulikuwa karibu kamili, ingawa sidhani kama waliouandaa walimfikiria. Walimfikiria asiyejua kusoma, na kwa kufanya hivyo wakamfikia asiyeona pia: kila kilichoandikwa kilisomwa kwa sauti, na kila swali liliulizwa kwa mdomo. Kiziwi alikuwa na bahati tofauti. Redio, usomaji na mjadala vyote vilipitia sikioni, na hatua pekee iliyoonekana kwa macho ilikuwa ya mwisho. Aliona majirani wakichimba shimo, akachukua jembe akachimba nao. Choo alikipata, sababu ya choo hakuipata. Tofauti hii si ndogo, kwa sababu anayejua kwamba kinyesi ndicho kinachobeba maradhi atanawa mikono hata mahali pasipo na choo, ilhali aliyefuata tendo bila sababu yake ataliacha mazingira yanapobadilika. Kijitabu kingemfaa kiziwi aliyesoma, lakini shule ya Tabora ilikuwa na umri wa miaka 10 tu.

Katika miaka ya 1980 na 1990, uchunguzi uliofanywa Dodoma ulisaidia kuondoa dhana kwamba watu hupofuka kwa sababu hawajali. Katika hospitali ya Mvumi, madaktari walifuatilia watoto waliokuwa na vidonda vya macho na kuonyesha uzito wa surua, upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji zinazotiwa machoni. Chanjo ya surua, kwa maneno mengine, ilikuwa pia dawa ya macho. Kongwa, watafiti wa trakoma walikuta akina mama wanaojua vyema kwamba uso wa mtoto unapaswa kuoshwa, lakini wanaoamini kwamba kazi hiyo inahitaji maji mengi, nayo maji huchotwa mbali. Walipoonyeshwa kwamba kiasi kidogo kinatosha kuosha nyuso nyingi, hesabu ya nyumbani ilibadilika. Jaribio la kuosha nyuso katika vijiji vya huko, lililochapishwa mwaka 1995, liliingia katika ushahidi unaoegemewa duniani kote katika vita dhidi ya trakoma.

Wasioona na viziwi wenyewe nao walikuwa wamejikusanya. Umoja wa wasioona wa Kenya uliundwa mwaka 1959 na Chama cha Wasioona Tanzania mwaka 1964. Viziwi wa Uganda wakaunda chama chao mwaka 1973, na wenzao wa Tanzania na Kenya wakafuata katika miaka ya 1980. Utaratibu ni uleule wa shule: wasioona walikuwa na lugha ya pamoja na jirani zao tangu mwanzo, ilhali viziwi walihitaji kwanza kukutana mabwenini ili lugha yao ikomae, ndipo wapate chombo cha kuitumia.

Ndipo UKIMWI ukaingia. Uganda iliwatambua wagonjwa wa mapema huko Rakai mwaka 1982, na Tanzania mkoani Kagera mwaka 1983. Kampeni zilizofuata zilitumia redio, nyimbo, mabango na maigizo, na kwa umma kwa ujumla zilifanya kazi kubwa. Kiziwi aliyaona mabango asiyoweza kuyasoma vizuri. Asiyeona alisikia neno kondomu likitajwa kila siku, lakini namna ya kuitumia ilionyeshwa kwa macho, na ni washauri wachache waliofikiria kumwekea kielelezo mkononi. Mwaka 2004 uchunguzi wa dunia ulioongozwa na Nora Groce wa Chuo Kikuu cha Yale, kwa ushirikiano na Benki ya Dunia, ulieleza kwamba watu wenye ulemavu walikuwa katika hatari sawa na wengine au kubwa zaidi. Sehemu ya hatari hiyo ilikuwa ubakaji, uliochochewa na imani potofu kwamba mlemavu hajamjua mwanamume na kwamba kulala naye kunatakasa.

Kwa nini elimu ya UKIMWI ilichelewa hivyo kuwafikia? Kuna maelezo matatu. La kwanza ni dhana ya wapangaji kwamba watu hawa hawana mapenzi wala ndoa, kwa hiyo hawahitaji kuonywa. La pili, lililopendwa na walimu, ni udhaifu wa kusoma uliotokana na shule za midomo. La tatu ni la viziwi wenyewe: chumba cha ushauri nasaha hakina siri kwa mtu ambaye lazima aingie na kaka yake, mama yake au mwalimu wake ili atafsiriwe.

Maelezo ya walimu yana ukweli, lakini hayatoshi, kwa sababu hayaelezi kwa nini hata viziwi waliosoma vizuri walikwepa kupima. Ushahidi mzuri zaidi ulitoka Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la Liverpool VCT lilifungua kituo cha ushauri nasaha na upimaji kwa viziwi, kisha vingine Kisumu na Mombasa, na washauri wakawa viziwi waliofundishwa kazi hiyo. Waliofika ni watu walewale, wenye kisomo kilekile, lakini sasa walikuja wenyewe, wakauliza maswali waliyoyabeba kwa miaka mingi. Kiwango cha maambukizi miongoni mwao kilikuwa kiasi cha asilimia 7, kikikaribiana na cha Wakenya wengine. Takwimu hiyo peke yake iliizika dhana ya wapangaji kwamba kiziwi yuko nje ya janga. Kwa maoni yangu, maelezo ya tatu ndiyo yanayobeba uzito mkubwa kuhusu kupima, na ya kwanza yanaeleza kwa nini ilichukua karibu miaka 20 kabla mtu hajafikiria kuweka kituo kama hicho.

Asiyeona alikuwa na tatizo la siri la aina yake. Alisikia vizuri ushauri wote, kisha akakabidhiwa karatasi ya majibu asomewe na mwingine. Na mara nyingi mhudumu alimgeukia aliyemshika mkono na kumuuliza, “Anaumwa nini huyu?” Swali hilo, ambalo wasioona wa rika zote hulisimulia, linaeleza kwa nini wengi huzungumzia heshima kabla ya dawa wanapoulizwa kuhusu hospitali.

Sheria zilifuata uzoefu huo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilikuwa imekwisha kuitaka serikali ikuze lugha ya alama. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 25 kinadai huduma ya afya ya kiwango kilekile wanachopata wengine. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Mwaka 2010 Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na Katiba mpya ya Kenya ikaitaja lugha ya ishara pamoja na nukta nundu. Katika bunge la Kenya lugha ya ishara ikawa rasmi sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Dirisha la dawa halikubadilika kwa kasi hiyo. Majina yaliendelea kuitwa kwa sauti, na kiziwi akaendelea kukaa kwenye benchi akitazama midomo ya mhudumu, akijiuliza kama zamu yake imepita. Asiyeona aliyenunua dawa kutoka Ulaya aliweza kupapasa jina la dawa hiyo kwenye boksi, kwa kuwa Umoja wa Ulaya ulilazimisha nukta nundu kwenye vifungashio kwa agizo la mwaka 2004. Dozi na tahadhari aliambiwa na muuzaji, au hakuambiwa.

Mwaka 2017 hospitali ya taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto viziwi, upasuaji ambao hapo awali uliwapeleka Watanzania nje ya nchi. Madaktari waliuona kama ushindi, na ni ushindi. Lakini kote duniani viziwi wengi wanaotumia lugha ya alama hawauhesabu uziwi wao kuwa ugonjwa, na huuliza kwa nini fedha zinapatikana haraka kwa kifaa kuliko kwa mkalimani. Wazazi wa mtoto wa miaka 2 hawana anasa ya kungoja mjadala huo umalizike, kwa kuwa kifaa hufaa zaidi kikiwekwa mapema.

Kisha ikaja korona, mwaka 2020. Taarifa za Wizara ya Afya ya Kenya kwenye televisheni zilikuwa na mkalimani wa lugha ya ishara, jambo ambalo katika miaka ya Mtu ni Afya hakuna aliyelifikiria. Hospitalini mambo yalikwenda kinyume. Amri ya kutogusana ilimnyima asiyeona mkono wa kumwongoza korido hadi korido. Barakoa ilifunika midomo, na pigo likawaangukia zaidi wale waliosomeshwa katika shule zilizokataza mikono, wakajengwa kutegemea midomo peke yake. Katika chumba cha daktari wengi walirudi kwenye kalamu na karatasi, au kwa ndugu anayejua alama, wakaeleza mbele yake mambo ambayo mshauri kiziwi wa Nairobi angeyapokea faraghani.